Jinsi ya kuchukua na kuandika historia ya mgonjwa: mwongozo kamili kwa wauguzi wa wodini

Wakati wa raundi daktari husimama kando ya kitanda dakika chache, kisha anakwenda kwa mgonjwa mwingine. Muuguzi ndiye anayebaki. Ndiyo maana mengi ambayo mgonjwa hakuyasema mbele ya daktari huja kusemwa kwa muuguzi: kwamba dawa ziliisha mwezi uliopita na hela ya kununua nyingine hakuna, kwamba mume hajui hali yake ya VVU, kwamba kabla ya kuja hospitali alikunywa mizizi aliyochemshiwa na shangazi. Ila kuambiwa ni nusu ya kazi. Lisipoandikwa, au likiandikwa kwa maneno yasiyo na mashiko, muuguzi wa zamu ya usiku atafungua faili akute "mgonjwa analalamika kifua, hali ya wastani", na hapo hana la kufanya.

Mwongozo huu nimeuandika nikimfikiria muuguzi huyo wa usiku. Kila swali utakalouliza na kila mstari utakaouandika, jiulize: je, mtu ambaye hakuwepo ataweza kuchukua hatua kwa kusoma hiki? Mifano ni ya Tanzania, katika wodi ya watu wazima ya hospitali ya wilaya, lakini njia ni hiyohiyo hata kwenye kituo cha afya chenye vitanda vichache.

Hatua ya 1: Mwangalie kabla hujamuuliza

Historia ndefu ni ya mgonjwa aliyetulia. Mgonjwa asiyeweza kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, anayevuja damu, aliye kwenye degedege au ambaye fahamu zinapotea, huhudumiwa kwanza. Njia ya hewa, upumuaji, mzunguko wa damu, sukari ya damu, kisha ndipo maneno. Wakati mikono inafanya kazi, mdomo unaweza kuuliza mambo sita tu, kwake au kwa aliyemleta: anajisikiaje, ana mzio gani, anatumia dawa gani, ana ugonjwa gani wa siku nyingi, amekula au kunywa lini mara ya mwisho, na nini kilitokea kabla ya hali hii. Hilo la chakula wengi hulisahau, na huenda mgonjwa huyo akahitaji kupelekwa chumba cha upasuaji ndani ya saa moja.

Yote mengine yatasubiri. Andika wazi kwamba historia haijakamilika na kwa nini, ili anayekupokea zamu ajue pa kuanzia.

Hatua ya 2: Mahali, salamu na kiti

Vitanda vya wodi zetu vimekaribiana kiasi kwamba mgonjwa wa kitanda cha pili anasikia kila kitu. Vuta pazia au leta skrini. Kama hakuna, na mgonjwa anaweza kutembea, nendeni kwenye chumba cha taratibu za kiuguzi au hata kona ya varanda isiyo na watu. Kama hawezi, inama, punguza sauti, na maswali mazito yaache kwa wakati ambao majirani wametoka au wamelala.

Msalimie kwa heshima ya umri wake. Muuguzi wa miaka 24 anayemwendea mzee wa miaka 70 kwa "Mambo vipi mzee?" amejifungia mlango mwenyewe. "Shikamoo mzee", subiri aitikie marahaba, jitambulishe kwa jina na cheo, mweleze unataka kuzungumza naye kuhusu nini na kwa nini, uombe ridhaa yake. Kisha keti. Kiti cha plastiki kando ya kitanda kinakupa majibu marefu kuliko kusimama na faili mkononi.

Usianze kwa kuandika. Dakika mbili za mwanzo msikilize ukimtazama, ukiweka alama ya neno mojamoja tu kwenye karatasi. Mgonjwa akikuona umeinamia fomu tangu mwanzo ataanza kujibu kama anajaza fomu: ndiyo, hapana, sijui.

Hatua ya 3: Jua nani anasema

Mgonjwa anayejiweza ndiye msemaji wa kwanza, hata kama ndugu aliyemleta ana maneno mengi zaidi. Ndugu wana umuhimu mkubwa: wao ndio walioona degedege, wanaojua kama mzee amebadilika tabia, wanaobeba mfuko wa dawa. Wasikilize, lakini andika chanzo cha kila taarifa: "mgonjwa anasema", "binti yake anasema", "kwa mujibu wa barua ya rufaa". Maelezo mawili yakipingana, yaandike yote mawili. Usichague upande.

Kwa mgonjwa asiyesikia Kiswahili vizuri, tafuta mfanyakazi mwenzako anayejua lugha yake kabla ya kumtumia ndugu. Mtoto wa miaka 11 hapaswi kumfasiria mama yake maswali ya kutokwa damu ukeni. Na mume akiwa mfasiri, kuna mambo mke hatayasema kabisa.

Karibu kila mgonjwa utamhitaji peke yake angalau kwa dakika tano. Sema kwa utulivu, kama jambo la kawaida la wodi: "Baba, naomba utupishe kidogo, nitakuita tukimaliza." Usimweleze sababu nyingi. Ukifanya hivyo kwa wote, hakuna atakayejiuliza kwa nini yeye.

Hatua ya 4: Tatizo kuu, kwa maneno yake

Uliza swali lililo wazi: "Kilichokuleta hospitali leo ni nini hasa?" Halafu nyamaza. Ukimkatiza mapema utapata tatizo la kwanza alilolitaja, ambalo mara nyingi silo linalomsumbua zaidi.

Andika maneno yake ndani ya alama za kunukuu kabla ya kuyageuza kuwa ya kitaalamu. Faili zetu nyingi huandikwa kwa Kiingereza huku mazungumzo yote yakiwa ya Kiswahili, na hapo katikati mambo hupotea. Mgonjwa akisema "nina malaria" huenda anamaanisha mwili unachemka na viungo vinauma, hajapimwa popote. Akisema "nina presha" huenda ni moyo kwenda mbio. Akisema "kichomi", muulize akuonyeshe kwa kidole. Ukiandika jina la ugonjwa ambalo halijathibitishwa, kesho litakuwa limenakiliwa kurasa tatu mbele kama ukweli.

Hatua ya 5: Lichimbue tatizo hilo

Kwa kila dalili kuu unahitaji kujua imeanza lini na ilianzaje, ghafla au polepole, iko wapi na inasambaa kwenda wapi, ikoje, inakuja na kuondoka au ipo muda wote, nini kinaiongeza na nini kinaipunguza, imeambatana na nini, na imemzuia kufanya nini. Hilo la mwisho ndilo kipimo bora. Maumivu ya 7 kati ya 10 yanaeleweka kwa baadhi ya wagonjwa, wengine namba haziwaambii kitu. "Yanakuamsha usiku? Jana uliweza kuchota maji?" inaeleweka na kila mtu, na kesho unaweza kuuliza vilevile ukalinganisha.

Muda ndipo makosa mengi hutokea. Tarehe za wagonjwa wengi zimefungwa kwenye matukio: tangu mfungo ulipoisha, wakati wa kupanda mahindi, baada ya Nanenane, mvua za vuli zilipoanza. Kubali tukio hilo, kisha litafute kwenye kalenda mkiwa pamoja na uandike tarehe au idadi ya wiki. Saa nayo iandike kwa mfumo wa saa 24. Mgonjwa akikwambia alimeza dawa saa mbili, uliza ya asubuhi au ya usiku, kisha andika 08:00 au 20:00. Ukiandika "saa 2" kwenye faili la Kiingereza, kuna mtu ataisoma kama saa nane mchana. Na kwa watu wa pwani, "usiku wa Ijumaa" unaweza kuwa ule wa kuamkia Ijumaa, yaani Alhamisi baada ya jua kuzama. Uliza: "Usiku wa kuamkia lini?"

Dalili ambazo hana ziandike pia, zile zinazohusu tatizo lake. Kwa mwenye kifua: hana homa, hakohoi damu, hajapungua uzito. Nafasi tupu haimwambii msomaji kama uliuliza. Kila anayelazwa aulizwe pia maswali ya kifua kikuu: kikohozi cha wiki 2 au zaidi, homa, kutoka jasho jingi usiku, kupungua uzito. Anayeishi na VVU huulizwa kikohozi cha muda wowote ule. Majibu haya yanaamua alale kitanda gani usiku huo, kwa hiyo hayawezi kusubiri asubuhi.

Hatua ya 6: Magonjwa ya nyuma

Hapa nenda haraka ila usiruke. Presha, kisukari, pumu, kifafa, selimundu, kifua kikuu, VVU, magonjwa ya moyo na figo, vidonda vya tumbo. Kulazwa kabla ya hapo: lini, wapi, kwa nini. Upasuaji, na kama kulikuwa na shida kwenye dawa ya usingizi. Kuongezewa damu, na kama mwili uliikataa. Omba kadi zote alizonazo: kadi ya kliniki ya presha, kadi ya CTC (kliniki ya huduma na matibabu ya VVU), barua za rufaa, majibu ya vipimo yaliyokunjwa ndani ya pochi. Karatasi hizo zina tarehe na dozi ambazo kumbukumbu haina.

Hatua ya 7: Dawa, na hapa usiwe na haraka

Kama una dakika kumi tu, tumia tano kwenye dawa. Swali "unatumia dawa yoyote?" karibu kila mara hujibiwa "hapana", kwa sababu kwa watu wengi dawa ni ile iliyoandikwa na daktari kwa ugonjwa wa sasa. Sindano ya uzazi wa mpango hawaihesabu. Vijiti kwenye mkono hawavihesabu. Vidonge vya maumivu kutoka duka la dawa muhimu, dawa aliyogawiwa na jirani mwenye ugonjwa kama wake, unga wa mwarobaini, majani ya kuchemsha, dawa ya kuchua, vyote viko nje ya neno hilo. Kwa hiyo taja kimoja kimoja.

Tazama mazungumzo haya, ambayo ni mfano wa kufundishia. Mgonjwa ni mama wa miaka 54, muuza samaki, amelazwa kwa kukosa pumzi na kuvimba miguu.

"Mama, dawa za presha unatumia?"

"Natumia, mwanangu."

"Jana ulimeza ngapi, na saa ngapi?"

"Jana sikumeza. Kichwa hakikuuma."

"Kwa hiyo unameza kichwa kikiuma. Mara ya mwisho ilikuwa lini?"

"Siku ya gulio. Jumatano ile."

"Sawa mama. Na magoti je? Naona muda wote unayasugua."

"Magoti ndiyo yananimaliza. Hayo nayanywea dawa kila siku, asubuhi na jioni, nanunua hapo dukani."

"Naweza kuziona?"

Binti yake anafungua kibegi: pakiti ya diklofenaki ya miligramu 50, imebaki vidonge vinne.

Angalia yaliyopatikana. Alipojibu "natumia" hakudanganya. Ndivyo anavyoelewa matumizi ya dawa ya presha. Swali la "jana" ndilo lililofungua. Na diklofenaki, ambayo hakuihesabu kuwa dawa ya kutajwa, huufanya mwili ushikilie maji na chumvi, hupandisha presha, huumiza figo na huuzidishia mzigo moyo unaoanza kushindwa. Hata suala la amlodipini, mojawapo ya dawa zake za presha, lina uzito wake: dawa hiyo yenyewe huweza kuvimbisha vifundo vya miguu, hivyo kujua kwamba hakuimeza kwa siku kadhaa kunabadilisha jinsi daktari atakavyoutazama uvimbe huo. Haya yote yalipatikana kwa swali la "jana" na kwa kuona mtu anasugua goti.

Kwa kila dawa andika jina, dozi, mara ngapi kwa siku, tangu lini, ya mwisho imemezwa lini, na kama umeiona kwa macho au umeambiwa tu. Mwenye kisukari anayejichoma insulini, ongeza aina yake, idadi ya yuniti na saa aliyokula mara ya mwisho. Aliyekwisha kutumia dawa mseto ya malaria nyumbani, uliza alimeza vidonge vingapi: dozi kamili ya ALu kwa mtu mzima ni vidonge 24 kwa siku 3, na wengi huacha homa ikishuka. Jambo hilo lina kazi kwa sababu kipimo cha haraka cha malaria kinaweza kuendelea kuonyesha vimelea wiki kadhaa baada ya mtu kupona. Kwa wanaofunga Ramadhani, uliza wamehamishia dawa saa ngapi. Wengine huunganisha dozi za mchana na za usiku bila kumwambia yeyote.

Mitishamba iulize bila kukunja uso. "Wengi hujaribu kwanza dawa za nyumbani. Wewe ulipewa nini?" Akitaja, andika jina kama alivyolitaja, kiasi na siku. Ukimcheka mmoja, wodi nzima itakuwa imesikia.

Hatua ya 8: Mzio

"Kuna dawa au chakula kilichowahi kukuletea vipele, kuwasha, kuvimba uso au midomo, kubanwa kifua?" Wengi hujua kwamba "wanakataliwa na salfa" bila kujua jina kamili, uliza kama ni SP (dawa ya malaria) au Septrini, na ilitokea nini. Kichefuchefu baada ya kumeza flajili si mzio. Midomo kuchubuka na ngozi kubabuka baada ya Septrini ni jambo la hatari ambalo linaweza kuua likirudiwa. Andika dawa, kilichotokea na mwaka, kwa wino unaoonekana juu ya faili na kwenye chati ya dawa. Kama hana, andika "hana mzio anaoufahamu". Nafasi ya mzio isiachwe tupu hata siku moja.

Hatua ya 9: Uzazi

Kila mwanamke wa umri wa kuzaa, hata kama amekuja kwa jino, aulizwe siku ya kwanza ya hedhi yake ya mwisho. Dawa kadhaa za kawaida, picha za eksirei na maumivu ya tumbo ya ghafla hutegemea jibu hilo. Mimba iliyotunga nje ya kizazi huja kama "tumbo na kizunguzungu".

Usiulize "una watoto wangapi?" ukadhani umepata historia ya uzazi. Atakuhesabia walio hai, na wengine watachanganya na wa kuwalea. Uliza: "Kwa jumla umeshika mimba mara ngapi, pamoja na hii?" Kisha pitia moja baada ya nyingine kwa upole: iliishaje, miezi mingapi, alijifungulia wapi, kawaida au kwa upasuaji, mtoto alilia, yuko wapi sasa, wewe ulitokwa damu nyingi? Mama aliyefiwa na mtoto mara nyingi hasemi mpaka aulizwe hivi, na akisema, mpe muda. Fomu inaweza kungoja.

Kwa mjamzito, tarehe ya makisio ya kujifungua hupatikana kwa kuongeza siku 7 na kurudi nyuma miezi 3, kisha kusogeza mwaka: hedhi iliyoanza 10 Januari 2025 inatoa 17 Oktoba 2025. Hesabu hii inafaa kwa mwenye mzunguko wa siku 28 hivi. Kadi yake ya kliniki isome yote, hasa wingi wa damu, presha, VVU, kaswende na kundi la damu, na umuulize kama anakula udongo. Wengi wanakula, na wengi wana upungufu wa damu.

Hatua ya 10: Familia, nyumbani na mazoea

Katika familia tafuta selimundu, kisukari, presha, vifo vya ghafla, kifua kikuu ndani ya nyumba. Anaishi na nani, nani anapika, nani atamkumbusha dawa, kituo cha afya kiko umbali gani, ana bima au analipa taslimu, namba ya simu ya ndugu ambayo kweli inapokelewa. Wauguzi wengine huona haya ni ya ustawi wa jamii. Mimi naona ndiyo yanayoamua kama mgonjwa atarudi baada ya wiki mbili na tatizo lilelile.

Kilevi kiulizwe kwa jina: bia, konyagi, gongo, mbege, ulanzi, komoni. Kiasi gani, mara ngapi kwa wiki, na hasa ya mwisho lini. Mnywaji wa kila siku akikatishwa ghafla kwa kulazwa anaweza kuanza kutetemeka na kutokwa jasho ndani ya saa 6 hadi 24, na kuchanganyikiwa vibaya siku ya pili au ya tatu. Ndiye yule mgonjwa anayeng'oa dripu saa nane za usiku huku kila mtu akidhani ni malaria imepanda kichwani. Sigara ziandikwe kwa idadi kwa siku na miaka, ugoro pia. Kwa mama mwenye kikohozi cha miaka ambaye hajawahi kuvuta sigara, uliza amepikia kuni kwa muda gani na jiko liko wapi.

Hatua ya 11: Maswali mazito

Yaweke mwishoni, mkishazoeana, na mkiwa wawili. Anza kwa kumweleza kwamba huuliza kila mtu. Kuhusu ngono: ana mwenzi au wenzi wangapi, anatumia kinga, ana uchafu au vidonda sehemu za siri. Kuhusu VVU: amewahi kupima, lini, majibu, na nani mwingine anajua. Hilo la "nani anajua" liandikwe kwa uangalifu, maana ndilo litakaloongoza mtakavyozungumza mbele ya ndugu.

Kuhusu ukatili: "Nyumbani kuna mtu anayekuumiza au kukutisha?" Kwa majeraha ya kupigwa, andika maneno yake mwenyewe na ueleze jeraha lilivyo, mahali, ukubwa, rangi. Fomu ya polisi, PF3, ina utaratibu wake, ila matibabu ya dharura hayaisubiri. Faili lako linaweza kuitwa mahakamani miaka miwili baadaye. Maoni yako kuhusu nani mkosaji hayana nafasi humo.

Kuhusu kukata tamaa: "Umewahi kufikia mahali ukaona heri usingekuwepo?" Kuuliza hakumpi mtu wazo la kujiua. Akijibu ndiyo, uliza kama amefikiria njia, usimwache peke yake, na umjulishe daktari saa hiyohiyo.

Malizia kwa maswali mawili. "Wewe mwenyewe unadhani ugonjwa huu umetokana na nini?" Kama anaamini amerogwa, huenda anapanga kuondoka kesho kwenda kwa mganga, na ni afadhali ujue leo mkazungumza. Kisha: "Kuna jambo sijakuuliza?" Mara nyingi jibu la swali hili ndilo lililomleta.

Mtoto akiwa mgonjwa

Uliza kwanza dalili za hatari: anashindwa kunyonya au kunywa, anatapika kila kitu, amepata degedege, amelegea au hajitambui. Moja tu inatosha kusimamisha historia na kuanza huduma. Hakikisha aliyemleta anaishi naye. Bibi aliyempokea jana hajui chanjo wala chakula cha wiki iliyopita, basi mpigie mama simu. Kadi ya kliniki ya mtoto itakupa chanjo na mstari wa uzito.

Hatua ya 12: Kuandika

Andika mara tu baada ya mazungumzo, si mwisho wa zamu. Hivi ndivyo historia ya yule mama inavyoweza kusomeka:

*22/04/2025, 14:40. Mwanamke, miaka 54, muuza samaki. Historia kutoka kwa mgonjwa. Dawa zimethibitishwa na binti yake. Tatizo: "pumzi inakata nikipanda mwinuko", tangu Idi, wiki 3, linazidi. Sasa analala na mito 3, mwezi uliopita 1. Ameshtuka usiku kwa kukosa pumzi mara 2 wiki hii. Miguu inavimba jioni, siku 10. Hana maumivu ya kifua, homa, kikohozi wala kupungua uzito. Presha tangu 2019: amlodipini mg 10 mara 1, haidroklorothayazidi mg 25 mara 1, humeza kichwa kikiuma tu, mwisho 16/04/2025. Diklofenaki mg 50 mara 2 kwa siku, miezi 4, ya magoti, hununua dukani. Mwisho leo 07:00 (pakiti imeonekana). Mitishamba: hapana. Mzio: hana anaoufahamu. Hanywi kilevi, havuti sigara. Anaishi na binti yake, hana bima. Daktari wa zamu amejulishwa 14:35 kuhusu diklofenaki na dawa za presha kutomezwa.* Kisha jina, cheo na sahihi.

Linganisha na "mama anayejulikana ana presha, hatumii dawa vizuri, amelazwa kwa uchunguzi". Maneno "hatumii dawa vizuri" ni hukumu. "Humeza kichwa kikiuma tu" ni taarifa, na papo hapo inaonyesha elimu gani ya afya impasayo. Maneno kama "mkorofi", "msumbufu", "haelewi" yaondoe kabisa. Andika alichofanya au alichosema.

Kila ukurasa uwe na jina na namba ya mgonjwa, kwa sababu karatasi hunyofoka. Tumia kalamu ya wino. Ukikosea, piga mstari mmoja ili kilichoandikwa bado kisomeke, andika sahihi na tarehe pembeni, endelea. Wino mweupe wa kufutia hauruhusiwi kwenye faili la mgonjwa. Ulichokumbuka baadaye kiandike kwa saa ya sasa ukieleza kuwa ni nyongeza ya mazungumzo ya saa fulani. Usiandike kazi ambayo bado hujaifanya. Vifupisho viwe vile vinavyojulikana hospitali nzima, si vya wodi yenu pekee.

Kwenye vituo vinavyotumia mfumo wa kompyuta kama GoT-HoMIS, ingia kwa jina lako na utoke ukiondoka mezani. Kilichoandikwa kwa nywila yako kimeandikwa na wewe. Na usinakili historia ya kulazwa kwa mwaka jana ukaibandika, dawa zimebadilika.

Siri

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, na sheria ya mwaka 2008 ya kuzuia na kudhibiti UKIMWI inalinda majibu ya VVU. Kivitendo maana yake ni faili lisiachwe wazi juu ya kitanda, hali ya VVU isiandikwe kwenye ubao wala chati inayoning'inia, na picha ya faili isitumwe kwenye kundi la WhatsApp hata kwa nia njema ya kuomba ushauri. Makabidhiano ya zamu yanayohusu siri za mgonjwa yafanyike mezani, si kitandani mbele ya wote.

Hatua ya 13: Irudie kesho yake

Siku ya kwanza mgonjwa ana maumivu, hofu na ndugu wamemzunguka. Siku ya pili, wakati wa kumwogesha au kubadilisha shuka, huanza kuzungumza. Rudi kwenye sehemu ulizoacha wazi: dozi isiyojulikana, simu ambayo haikupokelewa, kadi iliyosahaulika nyumbani. Andika nyongeza kwa tarehe na saa mpya. Kama nyongeza hiyo inabadilisha matibabu, usiiache ndani ya faili ikisubiri raundi: mpigie daktari, mweleze hali ya mgonjwa sasa, ulichokipata, unachokiona kuwa tatizo na unachoomba afanye, kisha andika alichojibu na saa aliyojibu.